Haragwe Puani katika Nchi ya Maulizo

Safari yenyewe sitaisimulia. Mito huvukwa na vilima hupandwa kwa namna moja popote duniani, na msomaji ana haki ya kuepushwa na vumbi langu. Nianzie pale nilipokuta jambo la kuandika.

Katika Nchi ya Maulizo hakuna mtu atafutaye kitu kwa macho yake. Mwenye haja yoyote, iwe ya chumvi au ya mchumba, huenda kwenye Mlango Mkuu ulio katikati ya soko, akaieleza haja hiyo mbele ya Bwana Makungu, mzee mpole ambaye ndiye Mpangaji wa Milango. Bwana Makungu huinamisha kichwa, hufikiri kidogo, kisha humtajia nyumba kumi kwa mpangilio, akianza na ile iliyo bora. Ubora huo haujui kwa kuzitembelea, maana hajawahi kuingia hata moja. Wajumbe wake hutambaa mitaani kila alfajiri wakinakili mabango yaliyotundikwa milangoni, na nyumba ambayo bango lake lina maneno mengi ya muulizaji ndiyo hutajwa kwanza.

Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa kwenye foleni kwa nini asitembee tu akaangalia mwenyewe. Alinitazama kwa huruma.

"Nitembee nikichungulia milango, dada? Mimi mbuzi?"

Asiyepata haja yake katika nyumba zile kumi haendi ya kumi na moja. Hurudi mlangoni akauliza tena mpaka achoke, kisha huamini kwamba haja yenyewe haimo duniani, akarudi kwao akaishi bila hiyo.

Kando ya Mlango Mkuu huketi Wahesabu, idara yenye heshima kubwa, chini ya Mhesabu Mkuu, Bwana Shekue. Kila neno lililoandikwa kwenye bango lina kibuyu chake, na kila linapotajwa mlangoni, Mhesabu hutumbukiza mbaazi moja. Kwa njia hiyo taifa hujua linataka nini. Msimu niliofika mimi, kibuyu kizito kuliko vyote kilikuwa cha neno "harusi", na habari hiyo ilipotangazwa, wenye nyumba walikesha wakipaka rangi. Muuza magodoro aliandika: Magodoro ya Harusi. Mng'oa meno aliandika: Meno ya Harusi. Nilizungumza na muuza majeneza, mtu mcheshi sana kwa kazi yake, ambaye bango lake lilisema: Harusi, Harusi, Majeneza ya Harusi, Kabla na Baada ya Harusi.

"Sasa natajwa wa pili nchi nzima," aliniambia. "Watu wanamiminika hapa wakitaka sufuria za pilau."

"Na wakiona majeneza, wananunua?"

"Hawanunui."

"Basi faida yake nini?"

"Faida?" Alinishangaa. "Dada, si wanakuja!"

Nilipanga chumba kwa Bi Kidawa binti Pandu, mwanamke wa makamo mwenye vidole virefu na subira ndefu kuliko vidole. Kazi yake ilikuwa kuwatoa watoto vitu walivyojitia puani na masikioni. Alikuwa na kibano cha shaba nyeupe alichorithi kwa bibi yake, na alikitumia kwa wepesi kiasi kwamba mtoto alikuwa bado anavuta pumzi ya kulilia wakati kitu kimekwisha kutoka. Juu ya mlango wake palikuwa na bango hili: Mstadi wa Uondoaji wa Viwekwa Visivyostahili katika Matundu ya Fuvu.

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na nilisimama mbele ya bango lile nikiona fahari. Kila neno lilikuwa mahali pake.

"Nani aliyeliandika?" nilimuuliza.

"Mwenyewe. Wiki nzima."

"Na msimu huu wamekuja watu wangapi?"

"Kaja mmoja," alisema Bi Kidawa. "Alikuwa anatafuta fuvu."

"La nini?"

"Sikumuuliza, mwanangu. Nilifunga mlango."

Alicheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu. Sheria ya Maulizo ni kwamba kila mwisho wa msimu hufanyika Siku ya Mizani. Mwenye nyumba huchagua neno moja la bango lake, na kibuyu cha neno hilo huwekwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili huwekwa Kuku wa Serikali. Kibuyu kikiwa chepesi kuliko kuku, mlango wa nyumba huzibwa kwa matofali na mwenyewe huhamishiwa Mtaa wa Majani, nyuma ya nyumba zote zinazotajwa, asiruhusiwe tena kufanya kazi yake. Siku ya Mizani ilikuwa inakaribia, na neno "viwekwa" halikuwa na mbaazi hata moja.

Jioni ileile alikuja Bwana Pazi, Mshauri wa Mabango, mtu aliyevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, ili ajulikane kwamba ana mawazo mengi.

"Bi Kidawa," alisema kabla ya kuketi, "tia harusi."

"Harusi na pua, wapi na wapi?"

"Umewahi kuona bibi harusi asiye na pua?"

Bi Kidawa aligeukia dirisha. Nikamwona akiitazama chaki iliyokuwa dirishani, na mimi, ambaye nilikuwa nimeshiba masomo ya falsafa, nikasimama nikahutubia. Nilisema kwamba bango ni ahadi, na kwamba anayemwita mtu kwa kitu asichokuwa nacho anamwibia mguu wa safari. Nilisema mengi mengine. Bwana Pazi alivua kofia moja kwa heshima.

"Umesema vizuri, mwanangu," alijibu Bi Kidawa. "Sasa niambie, huo ukweli wako utakuja kuyabomoa matofali wakishanizibia?"

Nilimwomba jambo moja tu: asiguse chaki mpaka nikakae siku moja karibu na Mlango Mkuu, nisikie wenye haja yake wanasemaje. Bwana Pazi alisema kusikiliza watu ni kazi ya Wahesabu, na kwamba hesabu zote anazo yeye, tena kwa bei nafuu. Nilikwenda.

Sikukaa sana kabla hajafika mwanamke amembeba mtoto wa kike mgongoni, akihema. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Mama Sikudhani, na kwamba Sikudhani ndiye huyo wa mgongoni.

"Bwana Makungu nisaidie, mwanangu kajitia haragwe puani! Kalisukuma mwenyewe, eti analificha lisipikwe, sasa halitoki na usiku kucha anakoroma kama babu yake. Nifanyeje mie?"

Bwana Makungu aliinamisha kichwa.

"Haragwe," alisema kwa upole. Kisha akataja: "Maharage ya Mzee Tindo. Maharage Mapya. Ghala la Maharage. Maharage ya Harusi…" Akaendelea hadi kumi, na zote kumi zilikuwa za wauza maharage.

"Lakini bwana, mimi maharage ninayo! Jingine limo puani!"

"Maharage," alithibitisha Bwana Makungu, akamwita aliyefuata.

Mhesabu akatumbukiza mbaazi katika kibuyu cha haragwe, akatangaza kwa furaha kwamba haja ya maharage inapanda. Baada yake alikuja baba ambaye mwanawe alijitia kifungo cha shati sikioni. Huyo alitumwa kwa mafundi cherehani, na nilisikia kwamba fundi wa kwanza alimpokea kwa ukarimu akamshonea mtoto kifungo kingine. Wa shanga alitumwa kwa sonara. Wa punje ya hindi alitumwa kinuni. Wote walirudi mlangoni wakauliza tena, wakatumwa tena kulekule.

Nilimwendea Bwana Shekue. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuandikwa asemapo.

"Mheshimiwa," nilisema, "watoto wa nchi hii wanajitia vitu puani."

"Hapana," alisema.

"Nimewaona kwa macho yangu."

"Macho si idara, binti. Hakuna kibuyu cha jambo hilo. Lisilo na kibuyu halina mtu."

"Halina kibuyu kwa sababu kila mzazi hulisema kivyake. Huyu haragwe, yule kifungo, mwingine shanga. Mkizihesabu pamoja haja ni moja, tena kubwa."

Bwana Shekue alilifikiria suala hilo kwa uadilifu. "Basi wazazi na wakutane kwanza," alisema, "wakubaliane kitu kimoja cha kujitia. Serikali haitawazuia."

Nilirudi kwa Bi Kidawa nikamwambia nilichosikia: kwamba hakuna mama hata mmoja aliyetamka "viwekwa", wala "matundu", wala "fuvu". Wanakuja na haragwe, wanakuja na hofu, wanasema "kajitia" na "halitoki" na "nifanyeje". Bango lake lilikuwa linawajibu watu ambao hawajazaliwa. Kwangu haikuwa rahisi kuyatamka hayo; lile bango nililipenda.

Bi Kidawa alilishusha, akaligeuza, na nyuma yake tukaandika kwa pamoja, yeye akitamka kama wasemavyo akina mama, mimi nikijizuia kusahihisha: Mtoto kajitia kitu puani? Kajitia sikioni? Haragwe, shanga, kifungo, punje ya hindi, halitoki, ufanyeje? Usimpige kisogoni. Mlete hapa.

Bwana Pazi alipoliona alikaribia kuvua kofia zote mbili.

"Hili si bango, haya ni mazungumzo! Na hilo 'haragwe' utalipata wapi wewe? Wauza maharage wote wa nchi wanalipigania!"

"Haragwe watachukua wao," alisema Bi Kidawa. "Ila 'kajitia' nani kaandika? Wewe ulishaona muuza maharage kaandika 'kajitia'?"

Bwana Pazi akazipekua karatasi zake. Hesabu zake hazikuwa na kibuyu cha "kajitia". Hakuna aliyewahi kufikiria kuwa hilo ni neno la kuuza.

Asubuhi Mama Sikudhani alirudi Mlango Mkuu akiwa na mtoto yuleyule, haragwe lilelile, na kilo mbili za maharage alizouziwa kwa Mzee Tindo kwa kuona haya kutoka mikono mitupu. Alieleza upya, kwa machozi. Bwana Makungu aliinamisha kichwa, akapitisha kidole juu ya nakala za mabango, akasita mahali, akasogeza jicho karibu.

"Kwa Bi Kidawa binti Pandu," alisema. Akatafuta ya pili. Hakuiona.

Haragwe lilitoka. Lilikuwa limevimba na lina kichipukizi, na Sikudhani alidai arudishiwe. Baada yake alikuja wa kifungo, kisha wa shanga, kisha mapacha waliotiana mbegu za ubuyu kwa zamu. Nyumba ilijaa chafya. Bi Kidawa alikuwa akiimba akichemsha kibano, nami niliamini, kwa ujinga wa mtu aliyesoma, kwamba mambo yamekwisha.

Siku ya Mizani watu wote walikusanyika mbele ya Mlango Mkuu. Kuku wa Serikali aliletwa juu ya mto. Alikuwa mnene kupita kiasi, na nilielewa sababu nilipomwona akidonoa mbaazi zilizodondoka kutoka vibuyu vya wananchi. Alikuwa amenenepa kwa maneno yao. Kibuyu cha harusi kilimrusha juu, na muuza majeneza akapigiwa makofi. Ndipo ikafika zamu ya Bi Kidawa. Neno alilochagua lilikuwa "puani". Mbaazi zilikuwa kiasi cha kiganja. Kuku hakutikisika hata unyoya.

"Bi Kidawa," alisema Bwana Shekue, na sauti yake haikuwa ya ukali, "idara ina wasiwasi. Wanaouliza harusi hurudi hapa kuuliza tena, na tena. Hao ni watu wenye haja ya kweli. Lakini wanaotumwa kwako huuliza mara moja, kisha hawaonekani tena. Uliwafanya nini?"

"Niliwatoa haragwe."

"Na baada ya hapo?"

"Wakaenda zao."

"Ndiyo hofu yetu," alisema Bwana Shekue, na umati ukaguna.

Niliomba kusema. Nilisema kwamba anayepona harudi, na kwamba kibuyu cha harusi ni kizito kwa sababu watu wanaotaka sufuria wanapewa majeneza; wanachohesabu hapa ni uchungu wa kukosa, wala si haja. Nilijieleza kwa mpangilio mzuri, na kwa mara ya pili katika nchi ile hotuba yangu haikusogeza kitu. Bwana Shekue alijibu kwamba sheria husikiliza mlango tu. Kama wapo waliopona, waseme mlangoni. Na asiye na haja hana la kusema mlangoni. Matofali yalikuwa yamekwisha pangwa kwenye mkokoteni. Bi Kidawa alikitoa kibano mfukoni akakifuta kwa upande wa khanga, taratibu, kama mtu anayekiandaa kwa safari.

Hapo mwanamke akasukuma watu akapita mbele. Alikuwa Mama Sikudhani, na Sikudhani anatembea mwenyewe.

"Mizani haijashushwa," alisema. "Mlango si uko wazi?"

"U wazi," alikiri Bwana Shekue.

Mwanamke akamgeukia Mpangaji wa Milango. "Bwana Makungu, nauliza: Kidawa!"

Bwana Makungu aliinamisha kichwa. "Kidawa," alirudia. "Kidawa ni kitu gani?"

"Ni Kidawa."

"Ni cha kula?"

"Bwana we! Ni mtu!"

"Una haja gani naye? Mtoto kajitia nini?"

"Hajajitia kitu. Mzima, huyu hapa. Sikudhani, mpumulie babu uso." Sikudhani akampumulia.

"Basi huna haja," alisema Bwana Makungu, naye alionekana kusikitika kikweli.

"Ninayo!" alisema Mama Sikudhani. "Haja yangu ni awepo."

Mhesabu mdogo, akifuata sheria, akauliza aiweke wapi mbaazi, maana neno "Kidawa" halikuwa na kibuyu. Kikaletwa kipya. Nyuma ya Mama Sikudhani akajipanga baba wa kifungo. "Kidawa!" Akafuata wa shanga, akafuata mama wa mapacha na mapacha wenyewe, kila mmoja akidai mbaazi yake, na foleni ikawa ndefu hadi ikapinda nyuma ya soko, kwa sababu kila mmoja alikuja na shangazi. Bwana Shekue aliuliza kama jina la mtu linaweza kuwa haja ya taifa. Bwana Pazi, ambaye alikuwa ameanza kunusa upepo unakoelekea, alisema sheria haikatazi, wala haimzuii mwenye nyumba kubadili neno kabla mizani haijashushwa. Katikati ya mjadala kuku akataga, ukazuka mjadala mwingine, kwamba yai lihesabiwe kuwa ni kuku au mali ya umma. Lilihesabiwa kuwa kuku. Foleni ikaendelea. Mwishowe, huku Sikudhani akitumbukiza mbaazi yake ya tatu bila kuulizwa, kibuyu kikashuka, na Kuku wa Serikali akapanda hewani polepole akiwa na yai lake na uso wa mshangao.

Mkokoteni wa matofali ukageuzwa. Bi Kidawa aliketi chini palepale, akalia, akacheka, akapiga chafya.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani tulipita mbele ya duka la majeneza. Rangi ilikuwa bado mbichi: Kidawa, Kidawa, Majeneza ya Kidawa. Nilipandwa na hasira nikataka kuingia. Bi Kidawa alinishika mkono.

"Muache. Atapata tabu ya kuwaeleza watoto."

Alasiri mlango wetu ulibishwa hodi kwa woga. Alikuwa Bwana Makungu, peke yake, bila viatu vya kazi. Alisema imemchukua muda mrefu kufika. Nyumba zote anazitaja lakini njia hata moja haijui, ikambidi awaulize wapita njia, nao walidhani anawajaribu. Alisema hayo kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Bi Kidawa akamtazama kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, akamketisha karibu na dirisha.

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Nini?"

"TANGU LINI?"

"Siku ya kwanza kazini," alisema Bwana Makungu. "Kelele zilinishinda. Nikatia pamba kidogo. Nikasema jioni nitatoa."

Kibano kikaingia. Kutoka sikio la kulia likatoka donge la pamba lenye rangi ya chai. Kutoka la kushoto likatoka ndugu yake. Bwana Makungu alikaa wima ghafla. Nje, upande wa pili wa uchochoro, mwanamke alikuwa akimfokea mwanawe, na mzee akainua kidole.

"Yule anaomba nini?"

"Haombi kitu," alisema Bi Kidawa. "Anamwambia mwanawe avae ndala, kwa sababu jana alikanyaga mwiba na usiku hakulala mtu, na baba mtu ana zamu asubuhi."

"Yote hayo kayasema?"

"Yote hayo."

Bwana Makungu alitafakari. "Mimi ningempeleka kwa wauza ndala," alisema polepole.

Kutoka sokoni ilianza kusikika foleni ya Mlango Mkuu ikimwita kwa jina, watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na haja yake ndefu. Nikamwambia kwamba wanamwita.

"Nawasikia," alijibu, akatuashiria tunyamaze, mwanamke amalizie.